Bangili ya Mjomba Vilikesa

"Nina miaka hamsini na tisa," Vilikesa aliwatangazia waumini wote wa kijiji cha Nakuruwai siku ya harambee ya paa la kanisa, "lakini moyo wangu ni wa kijana wa miaka ishirini na miwili. Si maneno yangu. Ni ya mashine, na binti yangu anayasoma kule Brisbane."

Ukumbi ulipiga makofi. Mchungaji akasema amina, ingawa hakuna aliyekuwa akisali. Kwenye benchi la kwaya, upande wa sauti nzito, kijana mmoja alivuta mkono wa shati lake taratibu mpaka ukafunika kifundo cha mkono. Alikuwa Apisai, mtoto wa Torika, na Torika ni dada yake Vilikesa, tumbo moja. Apisai alikuwa na miaka ishirini na miwili. Moyo uliokuwa ukipigiwa makofi ulikuwa wake, na bangili iliyoupima ilikuwa chini ya ule mkono wa shati.

Kabla ya hapo Vilikesa hakuwa mtu wa majigambo. Alikuwa mkulima wa magimbi kama wakulima wengine wa magimbi, mtu wa kuketi katikati ya mkeka, anayecheka vichekesho vya wenzake na kuviweka vyake mfukoni mpaka vinachakaa. Mkewe, Kelera, alikuwa na ulimi wa kuwatosha wote wawili. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Sala, ambaye Australia ilimpa kazi ya kuwaogesha wazee wa watu wengine. Na Vilikesa alikuwa na presha. Mwaka uliotangulia ilimwangusha shambani kwenye mteremko, uso ukaingia topeni, na aliyemwokota ni Apisai. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, njia nzima akimsimulia mechi ya raga ili asipoteze fahamu, na Vilikesa alikuja kusema kwamba hakuzimia kwa sababu alitaka kujua nani alishinda.

Sala alipata habari ile akiwa kazini. Krismasi alirudi nyumbani na bangili nyeusi ya mpira, nyembamba, yenye kioo kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba. Inahesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, inavipeleka kwenye simu ndogo iliyokuja nayo, na simu inavituma mpaka mkononi mwa Sala, ng'ambo ya bahari. Alimfungia baba yake yeye mwenyewe, amepiga magoti.

"Baba, hii usimpe mtu."

"Nimpe nani?"

"Unamjua ninayemsema."

"Sala, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakwambia. Redio iko kwake. Uma wa kuchimbia magimbi uko kwake. Yule nguruwe mwenye doa—"

"Nguruwe yule alikwenda kwa miguu yake."

"Alikwenda kwa miguu yake, baba, na kamba mkononi mwa Apisai."

Vilikesa alicheka, kisha akaapa kwa jina la Mungu kwamba bangili haitatoka mkononi mwake mpaka aoshwe akiwa maiti. Sala akapanda ndege Jumatatu. Jumatano Apisai aliingia kula chakula cha jioni, akaketi, akamshika mjomba wake mkono na kuugeuza kuelekea taa.

"Mjomba, hii nzuri."

Basi. Hakuomba, na hakuwa na haja ya kuomba. Kwa watu wa Nakuruwai mtoto wa dada akishasema kitu ni kizuri, kazi inayobaki ni ya kufungua vifungo, na Vilikesa alivifungua mwenyewe, kwa vidole vilivyokuwa na haraka ya kumaliza.

"Haya," Kelera alisema kutoka jikoni. "Mbona hujalisifu goti langu hili bovu, ukalichukua nalo?"

"Mama, goti hilo halina soko."

"Na presha ya mjomba wako je? Hiyo umeiona nzuri?"

"Hiyo nimwachie. Nisije nikaonekana mroho."

Wote watatu walicheka, kwa sababu Apisai hakuwa mtu wa kukasirikiwa. Alichukua, ndiyo, lakini akivua samaki mzuri, wa kwanza alining'inia kwenye mlango wa mjomba. Magimbi ya Vilikesa, tangu siku ile ya kuanguka, yalishuka mlimani mgongoni mwa Apisai. Alikuwa winga wa timu ya kijiji, mwenye mbio za kuaibisha, na timu kubwa ya mji mkuu, Suva, ilikuwa imeanza kumtupia jicho. Alitaka bangili ajue moyo wake unavyokwenda mazoezini, kama wachezaji wa kwenye televisheni.

Vilikesa angeweza kumpigia Sala usiku uleule. Aliishika simu, akamfikiria akiwa ameinama juu ya mgongo wa mzee wa mtu, sabuni mpaka kwenye viwiko, akifanya zamu ya ziada ili anunue kitu ambacho kimekaa kwa baba yake siku zisizojaza wiki. Akaiweka simu chini. Ile simu ndogo ya bangili ikaingia kwenye mfuko wa viatu vya Apisai, ikawa inakwenda naye uwanjani na kurudi.

Mwanzoni uongo ule ulikuwa na raha yake. Sala alipiga kila Jumapili, sauti imejaa fahari.

"Baba, Alhamisi umetembea mpaka wapi? Mashine imechoka kukuhesabu."

"Magimbi, mwanangu. Mwaka huu nimepanda mbali."

Tatizo lilikuwa usingizi. Apisai alikuwa na msichana upande wa pili wa mto, na bangili haikujua kutunza siri.

"Baba, mbona siku hizi unalala alfajiri?"

Vilikesa alimtazama mkewe. Kelera alitazama dari.

"Maombi," Vilikesa alisema.

"Maombi gani ya kutembea, baba? Inaonyesha unatembea. Unakwenda, unasimama muda mrefu sehemu moja, unarudi. Mama yuko hapo?"

Kelera alichukua simu. "Niko hapa, Sala. Baba yako anatembea akiomba. Akifika kwenye mti fulani anapiga magoti."

"Mama, una uhakika ni mti?"

"Nimeukagua mwenyewe. Hauna sketi."

Alipoikata simu alimwambia mumewe kwamba ameishi naye miaka yote hiyo akiwa mwaminifu, na sasa analazimika kumtetea kwa umalaya wa mtu mwingine. Apisai aliposimuliwa alilala chali kwenye mkeka kwa kicheko, akaahidi kuanzia sasa atamtembelea msichana wake mchana, kwa heshima ya ndoa ya mjomba.

Kisha ikaja ile harambee, na wanaume wakawa wanasimama mmoja mmoja kutaja watoto wao walioko ng'ambo na walichotuma. Vilikesa hakuwa na nyumba ya matofali ya kutaja. Alikuwa na moyo tu. Akasimama akautaja. Tangu siku ile wenzake walimwita Ishirini na Mbili kwenye bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi wanachoketi kunywa pamoja, na hata kama angetaka kurudi nyuma, kijiji kizima kilikuwa kimekaa njiani.

Sala alipiga katikati ya wiki, jambo lisilo la kawaida.

"Baba, kaa chini. Jana jioni, kabla ya giza, ulikuwa unafanya nini?"

Jana jioni kabla ya giza Vilikesa alikuwa anamenya muhogo. Apisai alikuwa mazoezini.

"Nilikuwa shambani."

"Moyo wako ulipanda sana, kisha ukawa kama injini yenye maji kwenye mafuta. Ukasita. Ukaenda ovyo ovyo. Ukatulia. Mashine imenipigia kengele mimi huku. Baba, hiyo si kawaida, nimemwonyesha nesi wa hapa kazini, kasema uende hospitali kesho. Usiseme ndiyo ukabaki. Kesho."

Vilikesa alikwenda. Alipanda basi mpaka mjini, akapanga foleni, akavua shati. Daktari kijana alimwekea vyombo kifuani, akamchora moyo wake kwenye karatasi ndefu, akausoma, akamwambia kwa umri wake na presha yake anaendelea vizuri, asiache vidonge. Vilikesa alitoka pale mwepesi. Alimpigia Sala akiwa bado kituoni. "Daktari kasema mzima," alimwambia, na Sala alilia kwa furaha, na katika yote aliyomwambia binti yake tangu Krismasi, hilo ndilo lililokuwa la kweli.

Jioni Apisai alikuja kula.

"We mjomba," Vilikesa alimwambia, maana kwao jina lile linakwenda na kurudi, "moyo wako unanigombanisha na binti yangu. Punguza mbio."

"Umefanya nini tena?"

"Eti umesita. Nimekwenda hospitali kwa ajili yako, nimevuliwa shati mbele ya wasichana."

"Wamekutamani?"

"Hawakulala usiku."

Apisai alicheka, akachovya gimbi kwenye tui. "Kichwa huwa kinakuwa chepesi kidogo nikikimbia sana," alisema. "Nikiinama kinarudi. Mwambie Sala ulifukuzwa na nguruwe."

"Yule mwenye doa?"

"Huyohuyo. Anataka kurudi nyumbani."

Kelera peke yake hakucheka. Lakini chakula kiliendelea, na maneno yale, nikiinama kinarudi, yakabaki mezani pamoja na mifupa ya samaki, yakafutwa.

Kengele ya pili ililia Alhamisi iliyofuata. Safari hii Sala hakumweleza baba yake, alimwamuru. Asitoke nyumbani. Asibebe hata ndoo. Mama amlinde. Yeye anatafuta ruhusa kazini, akikosa ataacha kazi, anakuja. Na kwa kuwa Sala alikuwa anapiga simu za kuonana uso kwa uso wakati wowote, Vilikesa ilibidi alale kweli. Kelera alimtandikia mkeka karibu na dirisha, akampa mto, akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Baba Sala, anayetakiwa kulala hapa si wewe."

"Najua."

"Basi mwambie. Bila nguruwe."

"Jumamosi ni fainali. Wale watu wa Suva wanakuja kumwangalia. Nimwambie leo asicheze? Nitamwambia Jumapili, tukitoka kanisani."

"Nikamwambie wifi?"

Huko ndiko kulikokuwa na mwiba. Vilikesa na Torika hawakuwa wamesemezana uso kwa uso tangu walipokua, kwa sababu kaka na dada hawasemezani. Ndiyo heshima yao. Neno la Torika lilimfikia Vilikesa kupitia kwa Kelera, au, mara nyingi zaidi, kupitia kwa Apisai: mama kasema mkeka uko tayari, mjomba kasema asante. Tangu alipojua kusema, kijana yule alikuwa ndiye mdomo wa watu wawili waliopendana.

"Utamwambia nini?" Vilikesa alisema. "Kwamba bangili ya Sala iko kwa mwanawe? Kesho habari iko Brisbane. Jumapili, Mama Sala. Siku mbili."

Jumamosi kijiji kilihamia mjini kwa malori, na ngoma, na majani kichwani. Kelera alikwenda nao. Vilikesa alibaki mkekani akiumwa ugonjwa wa mtu mwingine. Alasiri, simu ililia.

"Baba?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Kisha, polepole, "Baba, ni wewe?"

"Ni mimi. Ulimtaka nani?"

"Uko hai."

"Niko hai, nakula muhogo."

Sala alianza kulia na kucheka pamoja. Alisema ule mstari ulipanda, ukapanda, ukawa ovyo, kisha ukakatika kabisa, na yeye yuko chooni kazini amepiga magoti kwenye vigae, ameshampigia mama haipokelewi, ameshamwambia bosi wake baba amekufa. Asante Mungu. Asante Mungu. Mashine mbovu hiyo, ivue baba, itupe mtoni, nitakununulia nyingine, asante Bwana wangu, nimekusikia sauti.

Vilikesa alikuwa ameshika kipande cha muhogo. Alijua bangili ilipo, na alijua saa ya mechi. Binti yake alikuwa bado anamshukuru Mungu wakati yeye alipoelewa. Aliiweka simu mkekani bila kuikata, akatoka bila viatu, na sauti ya Sala ikabaki ndani ya nyumba tupu, ikitoa sifa.

Alikimbia mpaka barabarani, yeye aliyekatazwa kubeba ndoo, na moyo wake ukamfikisha bila kusita hata mara moja. Hapakuwa na gari. Alisimama pale mpaka lori la kwanza likatokea kwenye kona. Timu ya Nakuruwai hurudi ikiimba, imeshinda au imefungwa, kiasi kwamba akina mama hujua kupakua chakula kabla hawajaona taa. Lori lile lilikuja kimya. Kelera alikuwa mbele, karibu na dereva. Hakushuka. Alimtazama tu mumewe kupitia kioo, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo ule ambao siku zote ulikuwa na la kusema.

Sala alifika siku mbili baadaye, mikeka ikiwa imeshatandikwa na nguruwe wakichinjwa. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba Apisai ameanguka uwanjani na hakuamka, na jinsi alivyoshuka garini, asimtazame baba yake, ilionyesha kwamba kwenye ndege alikuwa na muda wa kuunganisha mambo yakaungana. Torika alimkumbatia kwanza. Kisha akafungua kitambaa kilichokuwa kifuani mwake.

"Hospitali wamenirudishia na hii, mwanangu. Bangili yake. Alisema amepewa na klabu. Alikuwa haivui hata akioga."

Sala aliigeuza kiganjani. Akairudisha kwenye kitambaa, akakikunja kitambaa pembe kwa pembe.

"Ndiyo, shangazi," alisema.

Alimkuta baba yake nyuma ya jiko, anapanga mawe ya tanuri la ardhini.

"Nilikupigia mara mbili," Sala alisema.

"Ulinipigia."

"Nikakwambia nenda hospitali."

"Nilikwenda."

"Ulikwenda na moyo wako, baba."

Vilikesa aliendelea kushika jiwe.

"Yeye angekuwa ameambiwa," Sala alisema. "Mtu mmoja tu angemwambia. Hata kwa utani."

"Nilimwambia kwa utani."

Sala akaenda kuwasaidia akina mama kumenya magimbi. Aliondoka mara tu baada ya mazishi. Hakumtukana baba yake, na Jumapili iliyofuata hakupiga simu.

Siku zote za msiba, kila kundi la waombolezaji lilipoingia na kulia na kuuliza, Torika aliwajibu neno moja. "Kifo kimeingia bila hodi," aliwaambia. "Hatukupewa hata dalili." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeshika nguzo. Vilikesa, ng'ambo ya chumba upande wa wanaume, alilisikia asubuhi, akalisikia mchana, akalisikia jioni, na hapakuwa tena na kijana wa kumtuma kwa dada yake hata kumwambia pole. Msiba ulipoanuliwa alimwambia Kelera kwamba anakwenda kusema.

"Usiende," Kelera alisema. "Neno lile ndilo linalompa usingizi. Mwanawe umechukua—" Akaanza upya. "Mwanawe amekwenda. Unataka kumnyang'anya na hilo?"

"Hodi ilipigwa, Mama Sala. Ilipigwa mara mbili, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni."

"Ukisema, unajipunguzia wewe."

"Sijui. Lakini siwezi kukaa naye chumba kimoja akiamini vile."

Kulikuwa na jino la nyangumi ndani ya nyumba, la rangi ya chai, lenye kamba yake ya kusokotwa, lililoletwa siku alipomwoa Kelera. Alilitoa. Mtu hawezi kuomba msamaha mkubwa mikono mitupu, wala kwa mdomo wake. Akamwendea Nakanieli, msemaji wa ukoo, akamweleza yote, bila kuficha hata ile harambee. Nakanieli alimsikiliza, akauliza tu kama alitaka yote yasemwe mbele ya watu. Vilikesa akasema yote.

Wakaenda. Waliketi chini, karibu na mlango wa Torika, vichwa vimeinama, na Nakanieli akalishika jino kwa mikono miwili, akasema. Alisema bangili ilikuwa ya nani na ilifikaje mkononi mwa marehemu. Alisema kengele ya kwanza na kengele ya pili. Alisema ya hospitali, ya mkeka karibu na dirisha, na ya Jumapili iliyokuwa ikisubiriwa. Shemeji mkubwa wa Torika alitambaa mbele, akalipokea jino kwa niaba ya nyumba, akatamka maneno yanayotamkwa, na wanaume wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Kwa desturi, jambo lilikuwa limekwisha. Mtu mmoja akaanza kuchanganya kava.

Torika alikuwa ameketi upande wa akina mama, karibu na mlango wa jikoni, kile kitambaa mapajani. Hakuwa amelitazama jino.

"Vili," alisema.

Lilikuwa jina la utotoni. Aliyekuwa akichanganya kava aliacha mikono ndani ya bakuli. Kelera aligeuza kichwa, akidhani anaitwa yeye ili apeleke neno, lakini Torika alikuwa anamtazama kaka yake, moja kwa moja, mbele za watu.

"Hii bangili," Torika alisema. "Mama angetaka kumnunulia mwanawe ya kwake, ingekuwa bei gani?"

Vilikesa hakuinua uso kutoka mkekani.

"Dola tisini na tisa," alisema. "Za Australia."